Bendera Nyekundu Juu ya Ngome: Je, Serikali Iitweke Tena?



Swali la makala haya ni hili: je, yafaa serikali ya leo itweke juu ya jengo la umma bendera ya dola iliyokwisha, hali ya kuwa bendera hiyo yapendwa na baadhi ya watu na yawachoma wengine? Sisi tulio wazao wa waliohama tunayo bendera ya namna hiyo. Ni ile nyekundu tupu, isiyo na nyota wala maandishi, ya masultani wa Al Busaid. Wapo katika jamaa zetu wanaosema kuwa ingefaa irudishwe, walau siku moja katika mwaka, juu ya Fort Jesus kule Mombasa, yaani Ngomeni kama wasemavyo wenyeji, au mbele ya Beit al-Ajaib kule Unguja. Hoja yao ni kwamba bendera ile ni sehemu ya taarikhi ya mahali pale, na taarikhi haifutwi.

Hoja hiyo yastahiki kujibiwa kwa insafu. Rai yangu ni kwamba serikali isiitweke, na pia isiifiche. Lakini rai bila ya sababu ni maneno matupu, kwa hiyo tuanze na taarikhi yenyewe.

Bendera ilikuwa na kazi gani

Wazee wetu waliosafiri kwa pepo za musimu hawakuiona bendera kuwa ni ukumbusho. Kwao ilikuwa ni hati. Jahazi likisimamishwa na manowari ya Kiingereza katika msako wa watumwa, swali la kwanza lilikuwa: chombo hiki ni cha nani, na ni nani atakayekijibia? Ndiyo maana baadhi ya manahodha wa Sur walichukua bendera na hati za Kifaransa, kwa kuwa Ufaransa haikukubali vyombo vilivyo chini ya bendera yake vipekuliwe na Waingereza. Jambo hilo lilizusha mgogoro baina ya dola mbili hizo, hata likafikishwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, nayo katika hukumu yake ya mwaka 1905 ikaiwekea Ufaransa mipaka katika kutoa bendera hizo. Nahodha wa Sur hakuwa Mfaransa, wala hakuwa na mapenzi na Paris. Alichokitaka ni himaya. Kutokana na kisa hiki twapata maana ya asili ya bendera ya dola: yatangaza ni nani mwenye amri mahali hapa, na ni nani wa kuulizwa.

Maana hiyo ndiyo iliyoonekana Mombasa mwaka 1824. Mazrui ni Waarabu wa Oman, kama walivyo Al Busaid, nao ndio waliokuwa wakitawala Mombasa. Sayyid Said bin Sultan alipozidi kuwabana, waliwaomba Waingereza himaya, na kabla ya kupewa ruhusa wakaitweka bendera ya Kiingereza juu ya ngome. Kapteni William Owen alipowasili Februari 1824 aliikuta yapepea. Yeye alikubali kuwaweka chini ya ulinzi, lakini wakubwa wake hawakuridhia, na mwaka 1826 himaya hiyo ikaondolewa. Mwaka 1837 Mombasa ikaingia mikononi mwa Sayyid Said, na bendera nyekundu ikatawala ngome.

Basi anayesema kwamba bendera nyekundu ndiyo bendera ya Waarabu wa Mombasa imempasa akumbuke kwamba Waarabu wa Mombasa ndio waliotangulia kuizuia, na kwamba walitumia bendera ya wageni kuizuia. Tangu mwanzo haikuwa alama ya kabila wala ya dini. Ilikuwa alama ya utawala wa nyumba moja, na nyumba nyingine za Kiarabu ziliukataa utawala huo kwa silaha.

Pangani nayo ina kisa chake. Mwaka 1888 Sultan Khalifa bin Said aliikodisha kampuni ya Kijerumani pwani ya kusini iliyo Tanzania ya leo, kwa sharti kwamba kampuni itatawala kwa jina lake. Agosti ya mwaka huo wakala wa kampuni alipotaka kutweka bendera ya kampuni, watu wa Pangani walikataa, na mzozo huo ukawa miongoni mwa cheche zilizowasha vita vya pwani nzima. Kiongozi wake mkuu, Abushiri bin Salim al-Harthi, hakuwa rafiki wa masultani wa Unguja. Aliyekuwa akitetewa si Sultan. Watu wa Pangani walitetea haki yao ya kutotawaliwa na wafanyabiashara wa kigeni. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Miaka 68 ya bendera isiyo na amri

Sasa tufike kwenye kipindi ambacho wengi wetu hukikumbuka kwa masimulizi ya wazee. Tarehe 14 Desemba 1895, Sultan Hamed bin Thuwaini alitia saini mkataba na Uingereza kuhusu ukanda wa pwani wa maili 10 ulio Kenya ya leo. Uingereza ilichukua utawala wote: askari, kodi, ushuru wa forodha, mahakama na ardhi. Sultan alibakiwa na malipo ya kila mwaka, na jina la kuwa mwenye nchi. Ili jina hilo lionekane, bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngomeni hadi mwaka 1963.

Na chini ya bendera hiyo, ndani ya kuta za ngome, kulikuwa na nini? Kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 Fort Jesus ilikuwa gereza la serikali ya Kiingereza. Wafungwa waliofungwa kwa amri ya Waingereza walikaa chini ya bendera ya Sultan ambaye hakuwa na uwezo wa kumfungulia hata mmoja wao. Sioni mfano ulio wazi kuliko huo wa kuonyesha bendera ile ilikuwa imefikia wapi.

Unguja hali haikuwa mbali na hiyo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga kasri kwa mizinga kwa sababu Sayyid Khalid bin Barghash alikalia kiti bila ya idhini yao. Vita havikufika saa moja. Bendera ya kasri iliangushwa, Sayyid Hamoud bin Muhammed akawekwa kitini, na bendera ile ile nyekundu ikaendelea kuwa bendera ya nchi. Rangi haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mtu alijua nani anayempa Sultan ruhusa ya kuwa Sultan.

Wazee wetu katika ukanda wa Mombasa, Malindi na Lamu waliisoma bendera ile kuwa ni dhamana. Maadamu yapepea, walidhani, sheria yao, kadhi wao na mashamba yao vina mlinzi. Haikuwa dhana ya kipumbavu, kwani liwali alikuwepo, kadhi alikuwepo, na mkataba ulikuwepo kwa maandishi. Lakini jirani zao waliisoma kwa namna nyingine, nasi hatuna haki ya kuyanyamazia hayo.

Utumwa ulikoma kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Katika ukanda wa Kenya ulikoma mwaka 1907, yaani miaka 12 baada ya Waingereza kushika utawala. Kwa mtu ambaye bibi yake aliuzwa, au alizaliwa katika shamba la bwana wake, bendera nyekundu ndiyo iliyokuwa juu wakati wa jambo hilo. Kisha ikaja sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Aliyekuwa na madai yanayotambulika alipata hati, na katika waliopata walikuwamo Waarabu na Waswahili wengi. Wamijikenda wengi, ambao kulima kwao hakukuandikwa popote, walijikuta wakiitwa maskwota katika ardhi waliyoizoea. Sheria hiyo ilikuwa ya Waingereza, lakini ilijengwa juu ya hoja kwamba mwenye nchi ni Sultan. Kwa hiyo tusishangae mjukuu wa skwota wa Kilifi akiitazama bendera ile kwa jicho lisilo letu.

Ilivyotuliwa

Uhuru ulipokaribia, lilizuka suala la Mwambao. Baadhi ya watu wa pwani walitaka ukanda ule ujitawale au urudi kwa Sultan. Vyama vikubwa vya Kenya vilikataa, na miongoni mwa waliokataa alikuwemo Ronald Ngala wa KADU, naye ni mtu wa pwani hiyo hiyo. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitoa taarifa yake akipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, na Waislamu wapewe dhamana. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua, na tarehe 8 Oktoba mkataba ukatiwa saini London. Sultan akaachilia madai yake.

Katika barua hizo yameandikwa mambo tunayopaswa kuyajua kwa moyo: uhuru wa kuabudu; kudumishwa kwa Kadhi Mkuu na makadhi katika mambo ya Waislamu; maafisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi wawe Waislamu kadiri itakavyowezekana; watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu; na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitambuliwe. Bendera ikatuliwa, na mahali pake pakawekwa maandishi.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 kwa bendera mpya: nyekundu, yenye duara la kijani na karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Haikudumu ila mwezi mmoja. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa, na pamoja nayo yaliondoa roho za watu wengi, mali, na nyumba ambazo baadhi ya wasomaji wa makala haya walizaliwa ndani yake. Bendera ya serikali mpya ikawa ya buluu, nyeusi na kijani, na tangu mwaka 2005 rangi hizo ndizo za bendera ya Zanzibar ndani ya Muungano, pamoja na bendera ya Tanzania pembeni yake.

Hoja za wanaotaka irudi

Hoja ya kwanza ni kwamba kutoitweka ni kuifuta taarikhi. Naiheshimu, lakini siikubali. Wareno walijenga Fort Jesus mwishoni mwa karne ya 16, na waliishikilia kwa muda mrefu. Hakuna anayedai bendera ya Ureno itwekwe juu yake, na wala hakuna aliyesahau kuwa Wareno ndio walioijenga. Taarikhi huhifadhiwa kwa vitabu, kwa makumbusho, kwa makaburi na kwa ndimi za wazee. Mlingoti wa serikali kazi yake ni nyingine, ile ile tuliyoiona kwa manahodha wa Sur: kutangaza ni nani mwenye amri leo.

Hoja ya pili ni kwamba siku moja kwa mwaka haina madhara. Hapa nitatoa mfano wa Marekani, ambako baadhi ya jamaa zetu wanaishi. Katika jimbo la South Carolina, bendera ya vita ya majimbo ya kusini yaliyojitenga ilipepea juu ya jengo la bunge. Wengi walidhani imekuwa pale tangu vita vyenyewe, vilivyokwisha mwaka 1865. Sivyo. Ilitwekwa mwaka 1961, katika ukumbusho wa miaka 100 tangu vita kuanza, wakati ambapo Wamarekani weusi walikuwa wakidai haki zao. Ukumbusho ukapita, bendera ikabaki. Mwaka 2000 ilihamishiwa kwenye mlingoti mwingine katika uwanja wa jengo hilo hilo. Ilishushwa tarehe 10 Julai 2015, baada ya waumini 9 weusi kuuawa kanisani mjini Charleston, ikapelekwa makumbusho.

Sisemi kwamba bendera mbili hizi ni sawa. Ile ilikuwa ya jeshi lililopigania majimbo yaliyojitenga ili utumwa usiondolewe. Yetu ilikuwa ya dola ya bahari yenye sheria, elimu, biashara na mikataba na mataifa, ingawa utumwa pia ulikuwemo ndani yake. Lakini lipo fundisho lisiloepukika. Bendera ya zamani ikitwekwa leo, hutamka neno la leo. Serikali ya Kenya ikiitweka bendera ya Sultan juu ya Ngomeni, hakuna atakayeuliza mambo ya mwaka 1837. Watauliza: je, pwani inarudishwa kwa nani? Na hilo si swali la mchezo katika nchi ambayo kauli ya „Pwani si Kenya” imewapeleka watu mahakamani na jela katika zama zetu hizi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Wasema: sisi pia tulidhulumiwa, na kuitweka bendera yetu ni namna ya serikali kukiri dhulma hiyo. Ndugu zangu, maumivu hayo ni ya kweli, na anayeyakana hajasoma taarikhi ya mwaka 1964. Lakini aliyeuawa mwaka 1964 hakuuawa kwa kuwa ni bendera. Aliuawa naye ni mtu. Kumkiri ni kumtaja, kulijua kaburi lake, kuandika yaliyotokea na kuwaruhusu watu wayaseme bila ya hofu. Serikali inayotweka kitambaa na kunyamaza kuhusu makaburi itakuwa imetulipa kwa bei rahisi mno.

Oman, na Kasri la Unguja

Yafaa pia tuitazame Oman yenyewe, kwani bendera nyekundu asili yake ni huko. Hadi mwaka 1970 bendera ya Sultan wa Muscat ilikuwa nyekundu tupu, na bara, katika nchi ya Imamu, bendera ilikuwa nyeupe. Tarehe 17 Desemba 1970, miezi michache baada ya kushika hatamu, Sultan Qaboos bin Said alitangaza bendera mpya: wekundu ulibaki, ukaongezwa weupe na ukijani, pamoja na nembo ya khanjari na panga mbili. Hata wenye bendera hawakuona lazima ibaki kama ilivyokuwa. Waliona nchi moja yahitaji bendera ambayo mtu wa pwani na mtu wa bara wataweza kusimama chini yake pamoja. Waswahili husema bendera hufuata upepo. Hapa ilifuata akili.

Na Unguja tayari ipo njia iliyojaribiwa. Kasri la masultani liliitwa Kasri la Wananchi baada ya Mapinduzi, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Ndani yake mliwekwa samani za masultani, picha zao, na chumba cha Sayyida Salme. Ni mali ya umma, na serikali iliyozaliwa na Mapinduzi ndiyo inayoyatunza mambo hayo. Mgeni aliingia, akasoma, akatoka akiwa anajua jambo. Nje, mlingoti hubeba bendera ya leo. Hakuna mgongano kati ya mambo hayo mawili.

Kwa hiyo ningependa serikali, ya Kenya na ya Zanzibar, zifanye hivi. Bendera nyekundu iwekwe ndani, mahali pa heshima, penye mwanga na maelezo. Maelezo hayo yataje miaka yake na mikataba yake, yataje gereza lililokuwa chini yake, yataje watumwa na maskwota, na yataje pia waliouawa na kufukuzwa ilipoanguka. Maneno hayo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, na watu wa pande zote waulizwe kabla hayajabandikwa. Ama sisi katika nyumba zetu, mwenye kutaka kuitundika sebuleni na aitundike. Nyumba ni ya mwenyewe. Ngome ni ya watu wote.

Liko jambo ambalo karani yeyote aliyezoea mafaili hulijua: kitambaa huchakaa, waraka uliotiwa saini hudai. Mahakama za kadhi zimo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na asili ya dhamana hiyo ni barua zile za Oktoba 1963. Anayependa kweli urithi wa pwani na azisome barua hizo, awafundishe watoto wake, aulize ni ahadi gani iliyotimizwa na ni ipi iliyosahauliwa. Na katika kuuliza huko asiwasahau Wamijikenda, ambao ahadi ya kulinda hati za ardhi haikuwapa wao hata shubiri, kwa kuwa hawakuwa na hati. Tukidai haki kwa ajili yetu peke yetu, hakuna atakayetusikiliza, na hatutastahiki kusikilizwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wa upande wetu na wa upande mwingine, na atupe sisi tuliobaki uwezo wa kuyasema mambo kama yalivyokuwa. Amin.